Jina, Kipande na Nywila: Historia Fupi ya Kumwandikisha Mtumiaji wa Kompyuta

1. Utangulizi

Mtu anapoweka mfumo endeshi katika kompyuta mpya, hufika mahali ambapo mashine husimama na kumwuliza mambo matatu: jina lake kamili, jina atakalolitumia kila anapoingia, na neno la siri litakalothibitisha kwamba aingiaye ni yeye na si mwingine. Maswali hayo hujibiwa kwa dakika chache na kusahauliwa mara moja. Ndiyo maana wataalamu wa lugha hawajayapa nafasi inayostahili, ingawa ni maswali ya lugha kuliko yalivyo maswali ya umeme. Hapo ndipo mashine inapoamua jina la mtu ni nini, herufi zipi zinafaa kuliandika, na mtu huyo aitwe nani mbele ya mashine: bwana, mgeni au mtumishi.

Makala haya yana madhumuni matatu. Kwanza, yanaeleza asili ya akaunti ya mtumiaji, na kuilinganisha na uandikishaji wa watu uliokwisha kujulikana Kenya kabla ya kompyuta kufika. Pili, yanachunguza jinsi kanuni za majina katika mifumo endeshi zinavyogongana na tahajia ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Afrika ya Mashariki. Tatu, yanapitia istilahi zinazotumika kwa jambo hili, yaani mtumiaji, msimamizi, mgeni, akaunti na nywila, ili kuonyesha kila moja imebeba historia gani. Mifano mingi imechukuliwa Nairobi, hasa mtaa wa Karen na jirani yake Lang'ata, kwa sababu itakayodhihirika baadaye: majina ya mitaa hiyo miwili, iliyopakana, hayapokewi sawasawa na mashine.

2. Karen na kipande

Karen ni jina la mtu lililogeuka kuwa jina la ardhi. Mahali hapo, chini ya vilima vya Ngong, palikuwa na shamba la kahawa la kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company, ambalo mwandishi wa Kidenmaki Karen Blixen alilisimamia hadi 1931. Mwaka huo shamba liliuzwa, likagawanywa kuwa viwanja vya makazi, na jina likabaki. Watu wengi huamini kwamba mtaa uliitwa kwa jina la mwandishi huyo. Wengine hueleza kwamba kampuni ilikuwa imepewa jina la binamu yake, binti wa mwenyekiti wa kampuni, aliyeitwa Karen vilevile. Vyovyote iwavyo, jina moja la mwanamke wa kigeni liliandikwa katika hati, nalo likakubaliwa na ramani, na posta, na hatimaye na kompyuta.

Walioifanya kazi ya shamba hilo na ya mashamba jirani waliandikwa kwa namna nyingine. Sheria ya Kuandikisha Wenyeji ilipitishwa 1915, na ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuchukua cheti kilichoitwa kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Ndani yake kulikuwa na jina, namba, kabila, alama za vidole, kazi aliyoifanya, mshahara aliolipwa, na sahihi ya mwajiri kwamba amemruhusu kuondoka. Asiyekuwa na sahihi hiyo alihesabiwa mtoro.

Malalamiko juu ya kipande yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoizaa siasa ya Nairobi. Harry Thuku, aliyekuwa opereta wa simu katika Hazina ya serikali, aliongoza East African Association tangu 1921, akipinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi ukidai afunguliwe ulipigwa risasi, na watu wasiopungua 21 wakafa, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru. Kipande chenyewe kiliendelea hadi 1947, sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote ilipochukua mahali pake. Wanawake wa Kenya waliingizwa katika uandikishaji huo kwa marekebisho ya 1978. Hata leo Wakenya wengi wanakiita kitambulisho cha taifa kipande, bila ya kuukumbuka uzito wa bati shingoni.

Haisemwi hapa kwamba waliobuni kompyuta waliiga sheria za Kenya. Hapana uhusiano wa namna hiyo. Lakini umbo la jambo ni moja. Kipande kilikuwa na jina la kusomwa na watu, namba ya kusomwa na ofisi, alama ya kidole ya kuthibitisha, na orodha ya mambo ambayo mwenye kipande ameruhusiwa. Akaunti ya kompyuta ina vitu hivyo hivyo vinne. Tofauti iko katika nani anayeandika. Katika kipande, karani aliandika na mwenye jina alinyamaza. Katika kuweka mfumo endeshi, mwenye jina huandika mwenyewe, mradi lugha na kanuni za mashine zimruhusu. Sharti hilo ndilo kiini cha makala haya.

3. Akaunti kama hesabu

Kompyuta za kwanza hazikuwa na akaunti za watumiaji kwa maana ya leo. Kazi ilipelekwa kwa mafundi ikiwa imetobolewa katika kadi, kazi moja ikafuata nyingine, na mwenye kazi akarudi baadaye kuchukua majibu. Mashine haikumjua mtu. Ilijua rundo la kadi. Mambo yalibadilika Marekani mwaka 1961, katika chuo cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walipoonyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa mbele ya taipureta yake. Kwa kuwa mafaili ya wote yalikaa pamoja, ilibidi mashine imtambue kila mtu. Hivyo kila mtumiaji alipewa namba mbili, moja ya kazi yake na moja yake mwenyewe, pamoja na neno la siri.

Namba hizo zilikuwa na shughuli nyingine pia. Saa za mashine zilikuwa ghali, na kila mtu alipimiwa kiasi chake. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr, aliyeona saa alizogawiwa hazimtoshi, aliiagiza mashine ichapishe faili la maneno ya siri, akapata kuingia kwa majina ya wenzake. Alilieleza jambo hilo mwenyewe miaka mingi baadaye. Wizi huu, unaohesabiwa miongoni mwa wizi wa kwanza wa maneno ya siri ya kompyuta, haukuwa wizi wa habari za mtu. Ulikuwa wizi wa muda. Kwa hiyo neno la Kiingereza lililopewa mahali pa mtumiaji katika mashine ni neno la mhasibu: ni ukurasa wa daftari ambamo deni la mtu huandikwa.

Kiswahili kina neno la kale la maana hiyo, nalo ni hesabu. Mfanyabiashara wa pwani alifungua hesabu, alitoa hesabu, na aliulizwa hesabu yake duniani na akhera. Hata hivyo, neno lililoshika katika kompyuta ni akaunti, na njia yake ilipitia benki. Mtu aliyekwisha kufungua akaunti benki hakuona ajabu kufungua akaunti katika mashine: pote pawili hutakiwa jina, namba, na alama ya kuthibitisha, iwe sahihi au neno. Neno hesabu lilibaki na kazi zake nyingi nyingine, na pengine wingi wa kazi hizo ndio uliolinyima hii. Istilahi haishindi kwa uzuri wake peke yake. Hushinda kwa kufanana na jambo ambalo watu wanalitenda tayari.

Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliunda taasisi yake ya sayansi ya kompyuta. Elimu hiyo ilifundishwa kwa Kiingereza, na mashine zilisema Kiingereza. Kiswahili kilikuwa nje ya mlango, ingawa tangu 1974 kilikuwa kimeanza kusikika ndani ya Bunge.

4. Namba, jina na ritifaa

Mfumo uliozaa desturi nyingi za leo ni Unix, ulioanzishwa na watafiti wa Bell Labs mwaka 1969. Katika mfumo huo kila mtumiaji ana mstari mmoja katika faili la majina. Mstari huo umegawanywa kwa nukta pacha: jina la kuingilia, mahali pa neno la siri, namba ya mtumiaji, namba ya kundi lake, jina kamili, na kadhalika. Moyo wa mfumo haujui jina. Unajua namba tu. Msimamizi mkuu ni namba 0. Katika Debian, mfumo huria ulioanzishwa 1993, mtu wa kwanza aandikishwaye wakati wa kuweka mfumo hupewa namba 1000, na wa pili 1001. Jina limewekwa kwa ajili ya wanadamu. Msomaji atakumbuka kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o, alipowekwa kizuizini mwishoni mwa 1977, alikuwa K6,77 katika daftari la gereza la Kamiti. Daftari lolote, la haki au la dhuluma, hupendelea namba.

Lakini hata jina lililowekwa kwa ajili ya wanadamu halipokewi lilivyo. Programu ya kuweka Debian humwuliza mtu jina lake kamili, kisha huchukua neno la kwanza la jina hilo, huligeuza kuwa herufi ndogo, na kulipendekeza liwe jina la kuingilia. Sharti ni kwamba jina hilo lianze kwa herufi ndogo kati ya a na z, kisha lifuatwe na herufi za aina hiyo hiyo au tarakimu. Mtu aitwaye Karen atapendekezewa karen mara moja, na Kamau atapendekezewa kamau. Aandikaye Ng'ang'a hapendekezewi kitu. Programu hunyamaza, na akilazimisha jina lake hukataliwa. Mwenye jina la Ngũgĩ hupatwa na hayo hayo kwa sababu ya alama zilizo juu ya irabu zake.

Kwa mwanaisimu jambo hili si dogo. Ritifaa katika tahajia ya Kiswahili si pambo. Ng'oa ni kitendo cha kuvuta kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu na uchungu wa moyo. Sauti ni mbili, na tahajia sanifu imezitenganisha kwa alama hiyo moja. Katika Unix, alama hiyo hiyo ni mlango wa nukuu: mtu akiandika ng'ombe katika mstari wa amri na kubonyeza kitufe cha kuingiza, mashine huamini kwamba nukuu imefunguliwa, na hukaa ikingoja ifungwe. Haisemi kwamba imekosea kuelewa, inangoja tu. Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa na chuki na lugha yoyote. Walichukua alama zilizokuwa katika taipureta zao, wakazipa kazi, na katika lugha yao ritifaa haikuwa sehemu ya konsonanti.

Hapo ndipo Karen na Lang'ata zinapoachana. Wadi ya Karen imo ndani ya jimbo la uchaguzi la Lang'ata, na watu wa mitaa hiyo hupita barabara zile zile. Lakini jina la kwanza hupita katika kila mashine bila kuguswa, na la pili, lenye asili ya Kimaasai, huandikwa Langata katika orodha nyingi, kwa maana makarani na programu wamejifunza kuikimbia ritifaa. Asomaye Langata bila kulijua jina atalitamka kama neno langu. Hivyo mtaa umepoteza sauti yake katika maandishi, si kwa amri ya serikali, bali kwa urahisi wa daftari.

Matatizo mengine hutokana na urefu na mpangilio wa majina. Mtu aandikaye Abdul Rahman kwa maneno mawili hupendekezewa abdul, yaani «mtumwa wa», pasipo kutajwa ni wa nani. Unix za zamani zilikomesha jina la kuingilia kwenye herufi nane. Abdulrahman akawa abdulrah. Neno la siri nalo lilisomwa herufi nane za kwanza tu, na zilizobaki zikapuuzwa. Katika lugha yenye mizizi inayotangulia, kikomo hicho kilivumilika. Katika Kiswahili, viambishi vya nafsi, njeo na mtendwa hutangulia mzizi, na maana ya neno hukaa mwisho. Aliyechagua ninakupenda na aliyechagua ninakupeleka walikuwa na neno moja la siri mbele ya mashine, kwa kuwa zote mbili zilikatwa zikawa ninakupe. Mashine ilisikia salamu ya viambishi ikafunga mlango kabla mzizi haujafika.

Kikomo hicho kimeondolewa katika mifumo ya sasa, na jina kamili huweza kuandikwa kwa herufi za lugha nyingi, alimradi nukta pacha isitumiwe. Jina la kuingilia, hata hivyo, bado ni la herufi 26 za Kiingereza katika mifumo mingi. Mwenye jina hana budi kuwa na majina mawili: moja la kusomwa na jirani, na jingine la kusomwa na mashine.

5. Mtumiaji, msimamizi na mgeni

Mwaka 2004 ulikuwa mwaka wa mambo matatu. Huko Dar es Salaam, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu, ukishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza nia ya kuiingiza lugha hiyo katika Windows na Office, na kazi ya istilahi ikafanywa pamoja na wataalamu wa Afrika ya Mashariki. Na mwezi wa Oktoba ukatolewa mfumo wa Ubuntu, uliochukua jina la lugha za Kinguni. Neno hilo ni ndugu wa utu: kiambishi -bu- cha Kinguni na u- cha Kiswahili ni ngeli ile ile, na -ntu na -tu ni mzizi ule ule. Kwa miezi michache Kiswahili kiliulizwa kwa haraka: huyu akaaye mbele ya mashine aitwe nani?

Jibu lililokubaliwa ni mtumiaji. Neno hili ni tawi la mti wenye matawi mengi. Kitenzi ni tuma. Atumwaye kwa lazima ni mtumwa. Aliyetumwa na Mungu ni mtume. Afanyaye kazi kwa wengine ni mtumishi. Kitenzi kikipata kiambishi cha kutendea huwa tumia, na hapo mambo hugeuka: mtu hatumwi tena, bali anakituma kitu kimfanyie kazi. Mtumiaji ni mtu aliyevuka upande wa pili wa kitenzi. Neno lilikuwapo tayari katika uchumi, likishindana na mlaji, na kwa hiyo halikuhitaji kubuniwa. Ni vigumu kupata istilahi iliyo bora zaidi, maana inakumbusha, kwa umbo lake tu, kwamba kati ya kutuma na kutumwa kuna silabi chache.

Msimamizi, kwa mwenye mamlaka yote juu ya mashine, ana historia ya namna nyingine. Katika mashamba ya minazi na karafuu ya Unguja na pwani wakati wa utumwa, kazi iliongozwa na watu wa ngazi tatu: msimamizi, chini yake nokoa, na chini yake kadamu. Msimamizi hakuwa mwenye shamba. Alikuwa mtu aliyewekwa aliangalie kwa niaba ya mwenyewe. Waliolichagua neno kwa kompyuta bila shaka waliifikiria maana yake ya leo ya ofisini na shuleni. Hata hivyo maana ya kale ina fundisho. Katika Unix msimamizi mkuu huitwa kwa neno lenye maana ya mzizi, kwa sababu mafaili yote yamechipuka kutoka shina moja ambalo yeye anamiliki. Neno hilo hutangaza umilki. Neno la Kiswahili hutangaza uangalizi. Mfumo wa Ubuntu, ulipoufunga mlango wa kuingia kwa jina la mzizi na kumtaka mtumiaji wa kwanza aombe mamlaka kwa muda kila anapoyahitaji, ulikaribia zaidi maana ya Kiswahili kuliko ya Unix yenyewe. Kinyume chake, Windows XP, iliyotoka 2001, wakati wa kuwekwa iliuliza majina ya watakaoitumia mashine, hadi watano, na wote ikawafanya wasimamizi, bila kudai neno la siri. Shamba lenye wasimamizi watano na lisilo na vibarua halikawii kuingiwa na wezi, na hayo ndiyo yaliyotokea kwa virusi vya miaka ile.

Mgeni ni neno la tatu. Ni mtu anayekaribishwa kuitumia mashine bila kuandikishwa, na akiondoka nyayo zake hufutwa. Mswahili humpa mgeni siku mbili, na ya tatu humpa jembe. Katika vibanda vya intaneti vilivyoenea katikati ya Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1990, mteja alikuwa mgeni wa kulipa: hakuandikishwa katika mashine, alipimiwa dakika, na aliyemfuata alikalia kiti kingali na joto. Kwa namna hiyo hesabu ya saa za mashine, iliyoanza MIT 1961, ilirudi barabara za Nairobi kwa sarafu za shilingi.

6. Nywila au nenosiri

Istilahi iliyoleta ubishi zaidi ni ya neno la kuthibitisha. Leo yapo maneno manne: neno la siri, nenosiri, nywila, na paswadi ya mitaani. Nywila ni fupi, haina maana nyingine, na huingia katika sentensi kwa wepesi: badilisha nywila, umesahau nywila. Kasoro yake ni kwamba asiyefundishwa hawezi kuikisia. Nenosiri ni wazi kwa kila asikiaye, kwani neno na siri ni maneno ya nyumbani. Kasoro yake ni kwamba si lazima liwe neno. Laweza kuwa tarakimu, au mchanganyiko wa alama usiotamkika, na wataalamu wa usalama husisitiza kwamba lisiwe neno la kamusi. Robert Morris na Ken Thompson walionyesha 1979 kwamba kati ya maneno ya siri 3,289 waliyoyakusanya, asilimia 86 yalikisiwa kwa urahisi, kwa kuwa yalikuwa mafupi, au ni majina, au yamo katika kamusi. Istilahi inayomwambia mtu achague neno humwelekeza kwenye kosa lile lile.

Wakati wataalamu wakizipima hoja hizi, watu waliamua kwa njia yao. Mwezi wa Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa huko Nairobi, na mamilioni ya watu ambao hawajawahi kuweka mfumo endeshi wakajifunza kulinda tarakimu nne. Waliziita namba ya siri. Neno la pili ndilo lililobeba mzigo. Siri ni dhana yenye kina katika utamaduni wa Waswahili. Husemwa kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Aliyeelewa hivyo hakuhitaji mkalimani, wala hakumtajia jirani namba yake. Jambo hili linaipa nenosiri nguvu ambayo mantiki peke yake isingeipa, kama vile benki ilivyoipa akaunti nguvu mbele ya hesabu.

Hasara kubwa haiko katika kuchagua neno hili au lile, bali katika kuchagua yote. Mwanafunzi afundishwaye nywila darasani, akutanaye na nenosiri katika simu, na asikiaye paswadi dukani, hujifunza kwamba Kiswahili hakina uhakika, na kwa kutafuta uhakika hukimbilia menyu ya Kiingereza. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa 1967, lina mamlaka ya usanifu upande mmoja wa mpaka. Kenya, ambayo Katiba yake ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, haikuwa na chombo kinacholingana nalo wakati maneno hayo yalipokuwa yakiingia katika mashine. Kampuni za programu hazikusubiri. Kila moja iliunda orodha yake, na orodha ikawa sheria kwa kila aliyeitumia mashine yake.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba akaunti ya mtumiaji ilianza kama hesabu ya muda, ikawa kitambulisho, na sasa ni kama mlango wa nyumba. Kenya imeuona mlango huo ukipanuka hadi kuligusa taifa zima: uandikishaji wa Huduma Namba ulianza 2019; Mahakama Kuu ikauwekea masharti Januari 2020, na Oktoba 2021 ikaamua kwamba utoaji wa kadi zake haukufuata sheria ya kulinda habari za watu ya 2019. Hoja zilizotolewa mahakamani zilikuwa za sheria. Lakini swali la msingi lilikuwa lile la 1922 katika sura mpya: nani anaandika jina la mtu, kwa herufi gani, na kwa idhini ya nani.

Kwa upande wa lugha, mambo matatu yanafaa kushughulikiwa na idara za Kiswahili za vyuo vikuu. La kwanza ni kuafikiana juu ya istilahi moja kwa kila dhana ya akaunti, kazi inayoifaa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki iliyoko Zanzibar, kwa kuwa ni chombo kisichofungwa na mpaka. La pili ni kuwaeleza watunga programu, kwa maandishi ya kitaalamu, kwamba ritifaa ya Kiswahili ni sehemu ya konsonanti na si alama ya nukuu, na kwamba jina lililo nayo halina kosa. La tatu ni kuwafundisha wanafunzi wa isimu jinsi mfumo endeshi unavyowekwa, ili waliojifunza fonimu wawepo pale fonimu zinapokatwa.

Mswahili afikapo mlangoni hupiga hodi, na aliye ndani huitambua sauti kabla ya kusema karibu. Mashine haiitambui sauti. Inatambua herufi ilizoruhusu. Hadi herufi hizo zitakapotosha, mkazi wa Lang'ata ataendelea kuingia kwa jina ambalo si lake kamili, huku jirani yake wa Karen akipita bila kuulizwa.